Mfuko wa Kulalia Uliorudi Kwenye Baridi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeigawa dunia kwa hekima yake, akatupa sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria jua la kuanikia dagaa na pamba, na wenzetu wa ncha za dunia akawapa barafu isiyoyeyuka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na watu wake. Namshukuru Mola aliyeniachia macho na vidole hadi leo, maana kazi yangu yote ilikuwa ya macho na vidole. Namwomba anisaidie niseme yaliyokuwa, nisiongeze wala kupunguza.

Vijana wanaonitembelea hapa Buswelu huniuliza, "Bibi, zamani ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikiwajibu kwamba nilikuwa mtunzaji wa vikumbusho vya watu waliosafiri barafuni, hutazamana. Siku moja nilimsikia mjukuu wangu akimnong'oneza mwenzake, "Mwache tu, ni mambo ya uzee." Basi nimeona niandike, ili hata huyo mjukuu asome kwa nafasi yake.

Baba yangu alikuwa fundi magodoro hapa Mwanza mjini, magodoro ya pamba yale ya kushona kwa sindano ndefu. Mimi, Zuhura, nilishika sindano hiyo kabla sijajua kusoma vizuri. Nilipokuwa msichana mkubwa, ilikuja habari kwamba shule moja ya misheni iliyo kilimani inatafuta mtu wa kushona ngozi na sufu kwa mkono. Baba akasema, "Nenda. Wao wana dini yao na wewe una yako, na sindano haiulizi." Nikafunga ushungi, nikapanda kilima.

Aliyenipokea alikuwa Bruda Tadeo, mwalimu wa jiografia, mzungu mrefu mwenye nyusi kama brashi za rangi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu aliyezaliwa Misungwi. Akanipeleka kwenye chumba kidogo, akafungua sanduku kubwa la mbao. "Vitazame vitu hivi, uvizoee," akasema. "Nina kipindi. Nitarudi."

Ndani ya lile sanduku palikuwa na mfuko wa kulalia. Ni kama shuka lililoshonwa pande zote isipokuwa juu, ila huo ulikuwa wa ngozi ya mnyama wa kaskazini anayefanana na kulungu, manyoya yakiwa ndani. Ulikuwa mzito kama ndama, na ulinuka moshi, mafuta ya zamani, na dawa ya nondo. Sasa mimi ni mtoto wa fundi magodoro. Kwetu, tandiko likinuka halijadiliwi, linapelekwa juani. Na Mwanza, Mungu ametupa majabali ya kuanikia kila kitu. Nikaukumbatia ule mfuko, nikautoa nje, nikautandaza juu ya jabali nyuma ya jiko, nikatafuta fimbo ya kuupiga vumbi.

Sikuwahi kuinua fimbo. Bruda aliniona kupitia dirisha la darasa. Aliiacha chaki hewani, akaja mbio, kanzu ameikusanya mkononi, na darasa zima likajaa madirishani.

"Binti! Binti! Mfuko huo ulistahimili baridi ya kuua watu, lakini jua la Mwanza hautaliweza!"

"Lakini Bruda, unanuka."

"Hiyo harufu ndiyo niliyoinunua!"

Wanafunzi walicheka mpaka mpishi akatoka na mwiko kutazama kuna nini. Tuliurudisha mfuko kivulini, mimi kichwani yeye miguuni, kama wanaobeba mgonjwa. Hakunigombeza. Alikaa chini akanieleza kwamba ngozi ya zamani ikipigwa na jua hukauka, ikapasuka, na manyoya yakang'oka. Ule moshi, alisema, ulikuwa wa mafuta ya sili, mnyama wa bahari za baridi, ambayo watu wale waliyachoma ili wapate kupika na kuishi. "Ukiuondoa moshi, umeniachia ngozi tu. Ngozi tu naipata kwenye machinjio."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza.

Babu yake Bruda alikuwa seremala katika meli moja iliyokwenda Ncha ya Kusini, enzi ambazo ramani za huko zilikuwa nyeupe tupu. Alirudi nyumbani akiwa na vitu vichache: sleji, yaani kitoroli kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, miwani ya mbao yenye ufa mwembamba badala ya kioo, ili mng'ao wa theluji usimpofue mtu, jiko la shaba la pampu, na huo mfuko. Bruda akavirithi. Kwa miaka mingi akawa anatafuta vingine kutoka familia za mabaharia wa zamani, kopo la biskuti hapa, mkanda wa mbwa wa kuvuta sleji pale. Alipotumwa Afrika akaja navyo. Wenzake walimwambia amerukwa na akili kuleta vitu vya barafu kwenye nchi ya jua. Yeye alijibu kwamba mtoto wa Mwanza naye ni mwenyeji wa dunia hii, aione yote.

Katika kazi ya kukusanya vikumbusho, jambo kubwa kuliko uzuri wa kitu ni nasaba yake. Nasaba ni habari ya mikono iliyokishika: nani alikivaa, akampa nani, kikafikaje kwako. Mara kadhaa watu walimletea Bruda vitu vilivyong'aa, wakidai vimetoka barafuni. Aliwakaribisha chai, akawasikiliza, akawarudishia. Aliniambia, "Kitu kisicho na nasaba ni kama mgeni asiyesema katoka kwa nani. Mpe maji ya kunywa, lakini usimpe funguo."

Alinifundisha pia kushona kwa namna iliyonishangaza. Kwa baba, ufundi ulikuwa kuficha kiraka. Kwa Bruda, kiraka lazima kionekane. Nikishona mahali palipofumuka, nitumie uzi wa rangi iliyo tofauti kidogo na ule wa zamani, ili atakayekuja baadaye ajue upi ni wa msafiri na upi ni wa Zuhura. "Usijifanye ulikuwepo," alikuwa akisema.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa jozi ya glovu za manyoya, zile zisizogawanya vidole. Zilikuwa zimeunganishwa kwa utambi wa taa uliopita shingoni. Bruda alinieleza sababu: kule, glovu ikikuponyoka upepo unaichukua, na mkono usio na glovu haukai muda mrefu. Kwa hiyo mtu alizivaa shingoni kama tasbihi. Ule utambi ulikuwa umekatika mara mbili na kufungwa tena fundo, na mafundo yale yalifungwa na mtu aliyekuwa anatetemeka. Yalionekana wazi hivyo. Nilikuwa nikiyatazama, namwombea huyo mtu, ingawa sikumjua jina wala dini.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, nikaendelea na kazi. Shule ilipofungua tawi upande wa Sengerema, nafasi kule ilikuwa kubwa, mkusanyo ukahamishiwa huko, na mimi nikahama nao. Tulivuka kwa kivuko hadi Kamanga, sleji imefungwa juu ya mikokoteni miwili iliyounganishwa. Abiria wakatuzunguka.

"Mama, huu mtumbwi mbona hauna mbavu?" aliuliza mwanamume mmoja mwenye kuku.

"Si mtumbwi. Unaburutwa juu ya barafu."

"Barafu ya wapi? Ya kwenye ndoo?"

"Kuna nchi nzima ya barafu, kaka."

Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Na ng'ombe wao wanakula nini huko?" Kivuko kizima kikaingia kwenye mjadala wa malisho, na hadi tunashuka hawakuwa wameafikiana.

Kule Sengerema, Bruda alianza kuzeeka kwelikweli. Magoti yalimkataa, kisha kifua. Wakubwa wake wakamwita arudi kwao. Siku ya kuondoka alipitisha kiganja juu ya kila kitu, mwisho akaweka funguo mkononi mwangu. "Zuhura, vitu hivi vilishikwa na watu waliokuwa wanataka kufika nyumbani. Usiache vikafia njiani." Nikamwambia inshallah. Akasema, "Na iwe hivyo." Hatukuonana tena. Mungu ampe pumziko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu.

Mkuu wa Shule aliyekuja baadaye alikuwa Mwalimu Masanja, mtu wa haki, mwalimu wa biolojia, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuipuuza. Likizo moja baada ya mvua, niliinua ngozi ya mfuko nikaona unga mwembamba chini yake, kama unga wa muhogo, na manyoya yamelala yenyewe pembeni. Nikafungua ndani. Palikuwa na viwavi wadogo wenye nywele. Ni mdudu wa ngozi, yule yule anayewatesa wanunuzi wa ngozi za ng'ombe. Alikuwa ameshaingia kwenye glovu na kwenye mikanda ya mbwa. Nilitia majani ya mwarobaini kama tunavyofanya kwenye nafaka, nikatoa niliowaona kwa kibano. Kesho yake unga ulikuwepo tena.

Ubaya ni kwamba ukuta wa pili ulikuwa bweni. Haikupita muda, mablanketi ya sufu ya wanafunzi nayo yakaonekana na matundu.

Mwalimu Masanja aliniita ofisini. "Bi Zuhura, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu."

"Nakuheshimu, na unajua. Lakini mimi nimekabidhiwa watoto, sikukabidhiwa ngozi. Shule ikifunguliwa, siwezi kuwalaza karibu na wadudu hawa. Vitu vya mbao na chuma vitabaki. Vya ngozi na manyoya, tuvichome."

"Na dawa?"

"Dawa ya kuwaua hao itabaki ndani ya manyoya, na watoto wanavishika. Mimi sitaki kumwua mdudu nikamdhuru mtoto. Nipe njia nyingine kabla shule haijafunguliwa, nami nitaifuata."

Alikuwa na haki. Nilikwenda kuswali, nikakaa kwenye mkeka muda mrefu, nikiona ule mfuko kwenye moto, na yale mafundo ya utambi.

Jumamosi nilizitia zile glovu kikapuni, zisije zikachomwa nisipokuwepo, nikavuka kuja Mwanza kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliyekuwa akiuza barafu za vifuko kwa watoto wa Buswelu. Nikamkuta anatoa mfuko wa maharage chini kabisa ya friza.

"Mwanangu, maharage yanagandishwa siku hizi?"

"Mama, fukusi wa mwaka huu wana kiburi. Nawaweka humu, wakitoka wameshatubu."

Aliinua kiganja kuonyesha. Fukusi walikuwa wamelala migongoni, na maharage mazima. Nikamkumbatia mpaka akaogopa. "Mama, kuna nini? Ni maharage tu!"

Jioni hiyo hiyo nikampigia simu Mwalimu Masanja. Nikasikia ameanza kucheka kwa ile sauti yake ya chini. "Bi Zuhura, hiyo ni kweli. Baridi kali inaua hata mayai yao. Ila friza ya barafu za vifuko haitatosha, mfuko hautaingia. Na sikiliza: kila kitu kifungwe ndani ya nailoni, hewa isipite. Na kikitoka, kisifunguliwe mpaka kipate joto lenyewe, la sivyo kitatoa jasho na kuoza. Umepata baridi wapi lakini?"

Hapo ndipo nilipotazama chini kuelekea ziwani, kwenye viwanda vya minofu ya sangara.

Kesho yake asubuhi nilikuwa getini kwa kimoja, nimebeba glovu peke yake ndani ya kikapu kama ushahidi. Wakaniitia msimamizi wa vyumba vya baridi, Bwana Magesa, Mjita mnene aliyevaa koti zito kwenye jua, mvuke ukimtoka kama chungu.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa unataka kugandisha nguo."

"Marahaba. Si nguo. Ni mfuko wa kulalia wa watu waliokwenda kuishi barafuni."

"Walipelekwa?"

"Walikwenda wenyewe."

"Kwa hiari?" Akanitazama vizuri. "Mimi kila siku nalipwa kuingia mle ndani na kila siku natafuta sababu ya kutoka. Wao walifuata nini? Kulikuwa na samaki?"

"Walitaka kufika mahali ambapo hajafika mtu."

"Basi wangekuja kwetu Majita wakati wa masika, barabara zikikatika." Wenzake wakacheka. Kisha akawa mpole. "Mama, samahani. Humu anaingia samaki peke yake. Hata mimi naingia kwa ruhusa. Wakaguzi wakikuta unyoya mmoja, tumekwisha."

Sikubishana. Nilitoa glovu kwenye kikapu ili nimwonyeshe kwa nini nimekuja, halafu niondoke. Ule utambi ukaning'inia.

Bwana Magesa akafungua vifungo vya koti lake, akavuta kitu kutoka ndani ya kola. Ilikuwa kamba ya nailoni ya wavu, na kila mwisho wake ilishikilia glovu, imepita shingoni mwake vile vile.

"Nani aliwafundisha hawa?" akauliza.

"Baridi, nadhani."

"Mimi nilipoteza moja siku ya kwanza kazini, kidole hiki hakijawa sawa mpaka leo. Ndipo nikafunga hivi." Akaishika ile glovu ya zamani, akayapapasa mafundo kwa kidole chake kilichopinda. "Huyu alikuwa anatetemeka wakati anafunga."

"Ndivyo ninavyoona na mimi."

Akawageukia wenzake. "Huyu ni mwenzetu," akasema, na hakuna aliyecheka. Akanichukua hadi kwa Meneja. Ilikuwa Mungu ameshapanga: chumba kimoja kilikuwa kimeondolewa samaki wote, kinasubiri ukarabati na kuoshwa. Meneja alikubali vitu vikae humo mpaka mafundi waje, kwa sharti kwamba nailoni isifunguliwe kiwandani kwa hali yoyote.

Tulivusha mizigo kutoka Kamanga, mimi na Mwalimu Masanja mwenyewe, ameketi juu ya gari akiushikilia mfuko uliofungwa nailoni juu ya nailoni. Tulipofika kiwandani niliingia ofisini kusaini. Niliporudi, wapakuaji, kwa ukarimu wao, walikuwa wameulaza mfuko kwenye sanduku la samaki na kuufukia kwa barafu ya kusagwa kwa makoleo, kama wanavyomfukia sangara aliyetoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki. Kwao, kitu kinachohitaji baridi kinatiwa barafu, basi.

"Acheni! Acheni jamani! Maji yataingia!"

"Mama, tumeambiwa kiwe na baridi," akasema mmoja, koleo hewani. "Tumempa barafu ya daraja la kwanza!"

Bwana Magesa akaja anapiga kelele kwa Kijita na Kiswahili pamoja. Tukafukua kwa mikono. Mwalimu Masanja alivua viatu, akaingia ndani ya lile sanduku. Nailoni ilikuwa imeshika, hata tone halikupita. Nikasema alhamdulillah, na wapakuaji wakaitikia, Wakristo kwa Waislamu.

Kisha mlango mzito ukafunguliwa, moshi mweupe wa baridi ukatumiminikia miguuni, na mfuko ule ukaingia. Niliruhusiwa kusimama kizingitini. Nilifikiria kwamba tangu babu yake Bruda aliposhuka melini, ule mfuko haukuwa umekutana na baridi ya aina hiyo. Mwalimu akaja kusimama kando yangu. "Umerudi nyumbani kidogo," akasema.

Siku za kungoja zilikuwa ngumu, lakini siku ngumu kuliko zote ilikuwa ile tuliyovitoa. Tuliviweka katika darasa tupu kule Sengerema, bado vimefungwa, nailoni ikitoa jasho kwa nje. Walimu walikuja kuchungulia. "Bi Zuhura, tufungue tuone kama wamekufa." Nikasema hapana. Hata Mwalimu Masanja, aliyenifundisha sharti hilo, alikuja na mkasi mkononi. "Kona ndogo tu," akasema. Nikamwambia, "Mwalimu, subira nayo ni dawa, na dozi haijaisha." Akacheka, akaniachia mkasi.

Nailoni ilipokauka kabisa, nilisema bismillah, nikakata. Manyoya yalikuwa makavu. Moshi wa sili ulitoka ukatujaa puani, ile ile harufu ambayo Bruda aliinunua. Tukautikisa mfuko taratibu juu ya shuka jeupe, wadudu wakadondoka kama punje za ulezi, hakuna aliyejongea. Lakini Mwalimu alisema tusishangilie bado. Tukaulaza mfuko juu ya shuka lingine safi, ili kama kuna yai lililobaki, unga uonekane. Kila asubuhi nilikwenda kulitazama shuka lile baada ya swala. Shule ikafunguliwa, shuka likiwa jeupe. Mwalimu alikuja akaliinua mwenyewe, akalitazama kwenye mwanga, akalirudisha. "Endelea na kazi yako, Bi Zuhura," akasema. Siku hiyo hiyo moto uliwashwa nyuma ya shule, lakini ulichoma takataka za kawaida.

Baadaye mkusanyo ulirudi upande huu, ukapewa chumba kizuri cha shule hapa Buswelu, chenye madirisha ya wavu. Nilifanya kazi humo mpaka nilipostaafu. Mafundisho yote ya Bruda nimemwachia mwalimu kijana wa jiografia, pamoja na mambo mawili ambayo Bruda hakuyajua: shuka jeupe chini ya kila ngozi, na namba ya simu ya kiwanda.

Wiki iliyopita Bwana Magesa, naye mstaafu sasa, alikuja kututembelea. Tukaenda wote kuviona vile vitu. Alisimama mbele ya glovu za msafiri kwa muda, kisha akatoa mfukoni glovu zake mwenyewe, za mpira na sufu, zimechakaa, na ile kamba ya wavu. Akamwuliza yule mwalimu kijana kama zinaweza kupata nafasi.

Mwalimu akanitazama, anasubiri uamuzi wangu. Nikamwuliza Bwana Magesa, kama Bruda alivyokuwa akiuliza: "Zilivaliwa na nani?"

"Na mimi, Magesa wa Majita, chumba cha baridi, Mwanza."

"Na zimefikaje hapa?"

"Kwa mkono wangu huu."

Nasaba yake ilikuwa imekamilika. Tukaziweka bega kwa bega na zile za barafuni, juu ya shuka jeupe.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu aiweke kazi ya mikono yako mahali ambapo mdudu hafiki. Akupe mtu wa kukufungulia mlango siku utakapobisha hodi ukiwa na kikapu tu mkononi. Na popote utakaposafiri, kwenye jua au kwenye baridi, akurudishe nyumbani salama. Amin.